Vidonge Ulivyoniomba

Nyumbani, meza ya jikoni
Jumapili, 14 Juni

Mpendwa kitindamimba wetu,

Pokea salamu zangu nyingi. U hali gani? Kile kikohozi kimekwisha, au bado unakibembeleza kwa chai? Sisi hatujambo. Mama mzima, goti tu linamsumbua akipanda ngazi, na kila jioni anauliza kama umepiga simu hata siku uliyopiga asubuhi. Shemeji yako yupo, anakoroma kama kawaida.

Ujumbe wako niliupata Jumatatu. Unaniomba nikufungie vidonge vya usingizi ndani ya kifurushi cha nguo, kwa kuwa tangu Baba azikwe hulali, na huko kumwona daktari ni foleni. Ungeniuliza kwa simu ningekujibu palepale, na ningejibu vibaya. Wewe ukikohoa kidogo tu mimi nalainika. Ndiyo maana nimekaa chini nikuandikie.

Kwanza nikuchekeshe. Wiki hii tulikuwa kwenye mafunzo ya sheria ya dawa, wafamasia pamoja na sisi mafundi dawa, maana bila cheti chake leseni haihuishwi. Viti vya plastiki, feni moja inayozunguka ikijisikia. Mkufunzi ni mwanasheria mfupi, mpole wa sauti, asiyecheka hata umtekenye. Siku ya mwisho akasema sheria tumeisoma vya kutosha, sasa tuigize: mmoja awe dirishani, mwingine awe mteja anayetaka dawa za kabati la kufuli bila cheti cha daktari.

Nikaitwa wa kwanza. Wenzangu wakapiga makofi, kwa sababu kazini wananiita Bi Haiwezekani. Hata bosi nimeshamnyima, akanuna kutwa. Nikasimama nyuma ya meza, kidevu juu, boksi tupu mkononi.

Mteja wangu alikuwa mfamasia mmoja mwenye mvi, anayekaribia kustaafu. Nilijua atanifokea au atajifanya ndugu wa mkubwa fulani, hayo nimeyazoea. Badala yake aliinamia meza akasema polepole, "Dada, mimi mdogo wako. Tangu mzee azikwe, silali."

Mdogo wangu, nikampa boksi.

Watu walivunjika mbavu. Yule mzee alibaki kalishika, hajui alifanyie nini. Mimi nami nikacheka, halafu nikatoka nikaenda chooni nikalia. Ujumbe wako ulikuwa kwenye simu ndani ya mkoba wangu, na hakuna aliyejua. Baadaye nilimuuliza mzee maneno yale aliyatoa wapi. Akasema, "Mama, si hayo tunayoyasikia dirishani kila siku?"

Mkufunzi alinikuta kwenye korido. Hakunigombeza. "Umefeli," akasema, "Jumamosi utarudia. Lakini wale wanaosema hapana na kufunga dirisha nao sikuwapa maksi zote. Ukishamnyima mtu, muulize. Usimwache aondoke na hapana peke yake."

Basi nakwambia: vidonge sikutumii. Leseni ni kweli ndiyo inayotulisha mimi na Mama, lakini hata ingekuwa si hiyo, nisingetuma. Nawajua wanaovitumia bila kuonwa na mtu. Mwili unavizoea, kimoja kinakuwa viwili, viwili havitoshi. Na wewe unakaa chumba cha peke yako. Usipoamka, nani atagonga mlango? Sheria inataka daktari akuone kwanza. Na mimi dada yako nataka hivyohivyo.

Sasa nakuuliza, na unijibu kweli. Unakula? Usiku ukiikodolea macho dari, unaona nini? Kama ni mazishi ambayo hukuyahudhuria, nisikilize vizuri. Ulinyimwa ruhusa kazini, hukujificha. Hapa nyumbani hakuna anayekulaumu, na Mama hajawahi kulitamka hilo hata kwa hasira. Baba mwenyewe siku zile za mwisho alikuwa akiwaambia wauguzi kwamba kijana wake yuko mbali kwa kazi, na alikuwa akilisema kwa kujidai.

Nenda kwa daktari. Foleni ikiwa ndefu, beba kitabu ukae. Mweleze yote, pamoja na haya ya Baba, usimwambie usingizi tu. Usiku ukishindwa kabisa nipigie. Kwa mkoromo wa shemeji yako, mimi niko macho hata hivyo.

Kifurushi kinakuja. Ndani kuna soksi, na ile sweta ya kahawia ya Baba. Nilitaka kuifua, Mama akaninyang'anya.

Jumamosi narudia zoezi. Yule mzee ameniahidi kwamba safari hii atalia kabisa. Na alie tu. Mtu mgumu kumnyima kuliko wote nimeshamnyima leo.

Mama anakusalimu sana. Shemeji yako naye, akiamka. Shangazi anauliza utaoa lini. Nimemwambia mwache kwanza alale.

Mungu akufumbe macho kwa amani, na asubuhi akuamshe.

Wako akupendaye, ndiyo maana akakunyima,

Dada