Wanamwulizia Anko Povu

Jumatano, 4 Machi

Leo nimerudi kufundisha shule ya msingi na timu yetu ya sayansi ya chuo. Mara ya kwanza tangu tumzike mdogo wangu. Nilidhani nitaweza. Kuingia tu — darasa la tatu zima likanyoosha shingo kutazama mlango nyuma yangu. Anko Povu yuko wapi?

Ndilo jina walilompa mdogo wangu. Ndiye aliyewafundisha kuchanganya siki, magadi na sabuni ya maji kwenye chupa, povu likapanda mpaka likamwagikia viatu vyake. Anapiga kelele kama anaungua, wao wanacheka mpaka wanakaa chini.

Mwalimu wao alikuwa ameshanivuta pembeni. Hawa bado wadogo mno, akasema, waambie amesafiri. Nikawaambia amesafiri. Sauti hata haikutetemeka! Nilijichukia.

Halafu sumaku. Nimefundisha sumaku kama redio inayojisemea yenyewe.

Alhamisi, 5 Machi

Sikwenda kipindi hata kimoja. Mama kafua tena koti la maabara la marehemu. Lilikuwa safi.

Marehemu — nimeliandika, sasa silitaki.

Jumatano, 11 Machi

Heri nisingekwenda. Kwenye kona ya darasa kuna gunia limejaa chupa tupu. Wamemkusanyia! Kasichana kamoja kenye pengo kakanionyesha chupa kaliyoiosha kenyewe, kameificha nyuma ya kabati ili wenzake wasiichukue. Hiyo ni ya Anko peke yake. Kisha kakauliza, huko alikokwenda hakuna simu?

Nikasema mtandao unasumbua. Uongo umeshazaa.

Kepteni wa timu alinikuta nje nimeinamia bomba, maji yanatiririka bure. Akasema nipumzike, mtu mwingine atashika darasa langu. Nimekataa. Nikiacha, nitampata wapi mtu anayemjua kama wanavyomjua wale watoto?

Ijumaa, 13 Machi

Nimemweleza mama yote. Tulikuwa tunakunja nguo. Akasimama na shuka mkononi.

"Amesafiri kwenda wapi, mwanangu?"

Hakunigombeza. Bora angenigombeza. Akalikunja lile shuka, akalikunjua, akalikunja upya.

Baadaye, yuko jikoni, kanipa mgongo:

"Walikuwa wanampenda kweli?"

Kweli, mama.

"Hakuwahi kuniambia. Nilijua anakwenda kuchezea sabuni tu." Akacheka kidogo. "Basi Jumatano tunakwenda wote."

Jumatano, 18 Machi

Naandika nimekaa kwenye korido ya shule. Daftari liko gotini, mistari inapanda mlima.

Mama alivaa gauni lake la heshima. Akajibana kwenye dawati la mbele, magoti juu. Watoto wakamwamkia. Nikasema huyu ni mama yake Anko Povu — basi! Wakamvamia. Huyu anamshika mkono, yule anamburutia gunia la chupa. Mwenye pengo akasubiri kelele zipungue, akauliza kwa adabu zote:

"Mama, anarudi lini?"

Mwalimu akamtikisia mama kichwa: usiseme. Mama akanitazama mimi.

"Nenda nje, mwanangu," akasema. "Niachie wajukuu zangu." Akamgeukia mwalimu. "Nawe mwalimu, niwie radhi. Mimi ndiye niliyemzaa."

Mwalimu hakubisha. Tumetoka wote wawili. Yeye kaegemea ukuta, anajifuta macho kwa ncha ya mtandio.

Mlango umefungwa. Namsikia mama akiongea polepole, maneno siyashiki. Darasa la tatu, kimya hivi! Sasa madawati yanakwaruza sakafu — wanasogea karibu yake. Kuna mtoto ameanza kucheka. Au analia, kwa hapa sijui. Mwingine naye. Mama amenyamaza.

Sasa wanamsimulia wao, nasikia povu, nasikia viatu —