Umri wa Kitinda

4 Februari

Mwanangu mpenzi,

Hujambo? Hapa hatujambo, ni mgongo wangu tu unaonikumbusha kwamba cherehani si kiti cha kupumzikia. Umekula leo? Najua utasema ndiyo hata kama umekunywa chai kavu.

Keti kwanza ndipo uendelee kusoma. Kitinda ameitwa timu ya taifa. Ile ya vijana wa chini ya miaka kumi na saba, ileile ya baba yako. Kocha mwenyewe alikuja hadi hapa barazani akanikuta na pini mdomoni, sare za shule zimejaa mapajani, nikashindwa hata kumwitikia salamu. Akasema mdogo wako ni kiungo wa aina ambayo hajaiona kwa muda mrefu. Nikatema pini nikamwambia, "Mimi nilishaiona. Niliolewa nayo." Akacheka, maskini, asijue acheke kiasi gani mbele ya mjane.

Kitinda hakuruka wala hakupiga kelele. Alienda nyuma ya nyumba akaosha viatu vyake vya mpira ambavyo vilikuwa safi tayari. Baadaye akaja kusimama karibu na cherehani, unajua anavyosimama akiwa na neno. "Mama," akasema, "tukifika fainali, jina langu litaandikwa kule kwenye shirikisho la mpira?" Nikamwambia litaandikwa. "Na jina la mwisho si ndilo la Baba?" Nikamwambia ndilo. "Basi atakuwa ameandikwa na yeye."

Nimesitisha kazi nikaenda kunawa uso. Unamkumbuka baba yako alivyokuwa akizima redio timu ile ikitajwa, kisha anauliza nani kazima. Leo nimeiwasha kwa sauti ya juu mpaka Mama Duka kaja kuuliza kama kuna msiba.

Niandikie. Simu yako naikata upesi kwa sababu nikisikia sauti yako nasahau nilichotaka kusema.

Ni mimi Mama yako

*

19 Februari

Shikamoo Mama,

Mimi ni mzima, na leo nimekula, tena wali. Nimeisoma barua yako wodini, nimesimama, ingawa uliniambia niketi. Muuguzi mmoja akaniuliza kama ni habari mbaya. Nikamwambia ni nzuri. Akasema sura yangu haijui kutofautisha.

Mwambie Kitinda namwonea fahari. Mwambie kwa maneno yako, yangu yanatoka makavu.

Juzi nilifika kule shirikishoni. Hospitali yetu ina kazi nao, na kazi yenyewe nimezuiwa kuizungumza, hata na wewe. Wakati nasubiri muhuri niliuona ule ubao. Umeshika ukuta mzima wa korido, kutoka karibu na dari hadi usawa wa magoti: mwaka, mashindano, matokeo, na nafasi ya majina kwa watakaofika fainali. Sikujua kwamba historia ya timu inaweza kuhuzunisha kiasi kile kwa maneno machache vile. Raundi ya kwanza. Raundi ya kwanza. Haikushiriki, nauli ilikosekana. Raundi ya kwanza. Na katikati, ule mwaka wa Baba. Hawakuandika "Mabingwa". Wameandika "Matokeo yamefutwa", kwa herufi ndogo kuliko nyingine, kama mtu anayekiri jambo huku amefunika mdomo.

Kijana wa mapokezi aliniona nimeganda pale. "Hao walikuwa wazee, dada," akasema. "Mmoja alikuwa ana watoto shuleni. Kombe wakarudisha." Akacheka. Sikumwambia kwamba waliodanganya umri walikuwa wanne tu na kwamba wengine walikuwa watoto kweli. Sikumwambia kwamba kuna mtu alifunga bao la nusu fainali akiwa hajaota hata ndevu, na kwamba bao hilo sasa halikuwahi kufungwa. Nilichukua karatasi yangu yenye muhuri nikatoka.

Tangu siku hiyo nawaza: mtu anafutwaje kwa kosa ambalo hakulifanya, halafu anaendelea kuchomelea mageti ya watu miaka yote ile, anarudi nyumbani, anaomba maji ya kuoga?

Kitinda acheze, Mama. Acheze sana.

Mwanao

*

27 Machi

Mwanangu,

Nakusalimu, na sikuulizi hali kwa sababu ukiniuliza yangu sitajua niseme nini.

Kitinda amerudi. Wamemtoa kambini. Walipigwa wote picha za mkono kwa ile mashine kubwa, yeye akaambiwa mfupa wake umefunga, kwa hiyo umri umepita. Kocha safari hii hakuja, alipiga simu. Gazeti limeandika: "Mmoja aondolewa kwa udanganyifu wa umri." Jina hawakulitaja, lakini mtaa mzima ulijua aliyekwenda na mtaa mzima umemwona aliyerudi.

Mama Duka kasema mbele ya wateja, "Kumbe miaka yote hii pipi namuuzia mzee mwenzangu!" Nikamwambia arudishe suruali ya mwanawe niliyoipunguza jana, aipeleke kwa fundi mwenye watoto wadogo. Watoto wa mtaa ndio usiseme. Wanampanga foleni njiani: "Babu, shikamoo!" Na yeye anawaitikia, "Marahaba, wajukuu," anacheka nao, anawashika vichwa. Kisha anaingia ndani, anakaa kitandani na viatu vyake miguuni, na chakula kinapoa.

Aliniuliza jana, taratibu kabisa, "Mama, una hakika?" Mtoto wangu mwenyewe ananiuliza kama nina hakika nilimzaa lini!

Wewe ulikuwepo. Ulikuwa darasa la tano, ulitoka shule mchana ukamkuta mkunga mlangoni, ukashika beseni mpaka mwisho. Wewe ndiye uliyekwenda kumwita baba yako karakana, akaja na miwani yake ya kuchomelea bado iko kichwani. Huhitaji cheti chochote. Ulimwona anatoka.

Nimesikia kwamba walipimwa hospitali yenu hiyohiyo. Wewe ndiye daktari wa hizo picha za mifupa. Nenda kwa huyo aliyesoma mkono wa mdogo wako, umwambie amekosea. Daktari kwa daktari mtaelewana.

Nasubiri.

Mama yako

*

9 Aprili

Mama yangu,

Shikamoo. Nimekaa na barua yako muda mrefu kuliko heshima inavyoruhusu. Nisamehe kwa hilo kwanza, kwa sababu lingine ni zito zaidi.

Aliyesoma mkono wa Kitinda ni mimi.

Picha haziletwi na majina, zinaletwa na namba. Tunazisoma wawili, mimi na mkuu wangu, kila mmoja peke yake, kisha tunalinganisha. Nikajiambia kwamba namba zitanilinda, kwamba sitajua yupi ni yupi, kwa hiyo si lazima nimwambie mtu kwamba nina ndugu kambini. Hilo lilikuwa kosa langu la mwanzo.

Karibu na kifundo cha mkono kuna mstari mwembamba kama ufa, mahali mfupa unapokulia. Mtoto anapomaliza kukua, ufa unaziba. Ukiziba, kanuni ya mashindano inasema huyo si wa chini ya miaka kumi na saba. Nilikuwa nimeshasoma mikono kadhaa, yote iko wazi, nikaanza hata kufurahi. Ndipo ikaja moja yenye kidole kidogo kilichopinda kwenye fundo. Unakijua. Ni siku ile alipojifanya kipa, nikamfunga kwa kijiti cha aiskrimu na kitambaa cha mabaki ya ushonaji wako, ukanigombeza kwamba nimekifunga vibaya. Kilipona hivyohivyo nilivyokifunga.

Nilipaswa kusimama palepale niseme huyu ni ndugu yangu, nitoke. Sikutoka. Nilitaka niutafute ule mstari mwenyewe, nisimwachie mtu mwingine. Niliikuza picha mpaka ikawa ukungu mtupu. Ningeuona hata kama ni kivuli cha unywele, Mama, ningeandika "wazi". Haukuwepo. Nikaandika "umefungika", nikatia saini. Mkuu wangu alikuwa ameandika vivyo hivyo.

Umri wake naujua kama ninavyoujua wangu. Na mashine haikusema uongo: mfupa wake umefunga kweli. Wapo watoto wachache wanaofunga mapema, vitabu vyetu vinawataja kwa sentensi moja kisha vinaendelea na mambo mengine. Kanuni haiulizi ulizaliwa lini, inauliza mfupa. Kwa hiyo hakuna aliyedanganya, si wewe, si yeye, si mashine, na bado gazeti limeandika udanganyifu.

Nikienda kusema, watauliza nilikuwa nafanya nini kwenye chumba kile. Naogopa. Nakuambia ukweli wote ili ujue mpaka hapo.

Mwanao

*

30 Aprili

Mwanangu,

Salamu zitakuja siku nyingine.

Nimesoma. Nimemsomea na Kitinda, alikuwa anaosha vyombo, akaacha bomba linamwaga maji. Nilidhani atavunja kitu. Akasema tu, "Kwa hiyo dada anajua kwamba sikudanganya." Akafunga bomba. Hana kinyongo nawe. Hasira nimebaki nayo mimi, ya watu wawili.

Acheze asicheze, hilo nimeliachia. Lakini neno lile lifutwe. Waandike kwamba mtoto huyu si mwongo. Mume wangu alikufa nalo, watu wakimzika huku wananong'ona, "Yule wa timu ile." Sitamzika na mwanangu nalo.

Nenda kaseme.

Mama

*

11 Juni

Shikamoo Mama,

Natumaini mgongo umepoa. Mimi nipo.

Nilikwenda. Walinikaribisha kwenye chumba cha mikutano, meza ndefu, chai na biskuti. Nilijitayarisha kama mtu anayekwenda kutetea shahada: nimebeba vitabu vya mifupa, nimeweka alama kwenye zile sentensi moja moja. Nilitaka niwaeleze lile beseni, mkunga, miwani ya Baba. Mwenyekiti akanizuia mapema. "Daktari, una undugu na mchezaji huyu?"

"Ni mdogo wangu. Tumbo moja."

Akaweka kikombe chini. Baada ya hapo hakuna aliyeniuliza habari za mifupa wala za kuzaliwa. Walitoka, wakarudi, wakasema picha zote nilizosoma ni batili, za kila kijana, kwa sababu msomaji alikuwa na ndugu kundini na hakusema. Zinatakiwa zipigwe upya, hospitali nyingine, wasomaji wengine. Na siku za kuwasilisha majina zilikuwa zimekwisha. Timu imejitoa, Mama. Wenzake wote wamerudishwa makwao na mabegi yao. Mwaka huu kwenye ule ubao watapaka "Ilijitoa".

Hakuna gazeti lililoandika kwamba Kitinda si mwongo. Wameandika kwamba mwongo ana dada daktari.

Kazini nimesimamishwa. Nashinda chumbani, napanga vitabu, navipangua. Najaribu kuwaza kama ningenyamaza, au kama ningesema mapema, kabla ya picha hata moja kusomwa. Mapema ingewezekana. Hapo kila siku nafika, halafu siwezi kupita.

Mwambie Kitinda. Au usimwambie, atasikia. Mwambie wewe.

Mwanao

*

20 Agosti

Mwanangu mpenzi,

Hujambo? Unalala? Hapa tunaendelea, baridi imeshika na wateja wameongezeka, kila mtu anataka sweta ya mtoto kwa siku moja.

Nimechelewa kukujibu si kwa sababu ya hasira. Hasira imekwisha yenyewe, sijui ilikwenda lini. Mimi ndiye niliyekutuma useme. Usijitwishe peke yako mzigo tulioubeba wawili.

Wale wenzake walikuja. Kapteni na wengine watatu, vijana wana adabu, wakaniamkia wote, wakavua viatu barazani. Nilijua wamekuja kupigana, nikasimamisha cherehani nisikie. Hawakupigana. Kapteni alimwambia, "Sisi tulijua wewe ni mdogo. Ukikosa pasi ulikuwa unalia, ukijifanya ni jasho." Wakacheka kidogo. Kisha akasema, "Lakini dada yako angenyamaza, sisi tungecheza." Kitinda akasema, "Najua." Nikawapa maji. Waliyanywa wakiwa wamesimama, wakaaga vizuri, na hawajarudi.

Mpira ameacha. Hakutangaza, ameacha tu. Na shule wanaviziana tu, leo anakwenda, kesho haendi. Nilimwambia asubiri timu ya mwakani, akasema mwakani atakuwa mzee zaidi, na safari hii hakucheka.

Sasa sikiliza. Kule karibu na soko wanajenga ghala. Wanaandikisha vibarua asubuhi, na msimamizi hachukui mtoto, anataka kuanzia miaka kumi na minane. Nilikuwa napita na furushi la sare nikamwona kwenye mstari. Sikumwita. Nilisimama nyuma ya lori la mchanga. Nikajiambia atafukuzwa, atarudi nyumbani, nitamkaangia mayai, tutaanza upya.

Ilipofika zamu yake msimamizi akauliza bila kuinua uso, "Miaka?"

"Kumi na tisa."

Mwanangu, huyu mtoto sijawahi kumsikia akisema uongo juu ya umri wake, tangu azaliwe.

Msimamizi akainua uso, akamtazama kifua, akamtazama mikono. Nikangoja aseme kitu. Nusura nijitokeze nipige kelele kwamba ana kumi na sita, nina hakika, nilimzaa mimi.

Akaandika, akampa koleo.

Mama yako