Mnyororo wa Lango la Kanisani

Skelbeck ya Juu,
Jumapili, mvua imekatika

Mjukuu wangu Hazel,

Wewe mtoto huna haya. Ndama wamezaliwa mara mbili hujatia mguu hapa. Hata siku ya kumzika babu yako ulisimama nyuma ya watu kama mpita njia, ukaingia garini kabla udongo haujatulia. Huko Leeds wamekufunga kamba? Haya, nimeshakugombeza, sasa lete shavu. U mzima? Unakula chakula au unakula vitu vya kwenye karatasi? Kifua chako je, na baridi hii? Mimi nipo. Goti linalia nikipanda ngazi, lakini mdomo hauna maradhi, utaona mwenyewe.

Mwandiko usiucheke. Unajua wazazi wangu walikuwa watu wa magari ya farasi, tulihama kabla mwalimu hajayashika majina yetu. Herufi nilifundishwa na babu yako kwenye vibao vya njia, tukitembea, yeye ananyoosha fimbo na mimi nasoma. Ndiyo maana naandika kubwa kubwa.

Sasa sikiliza. Shamba la Kanali Tarrant limenunuliwa na mtu anaitwa Bwana Fairlie. Mabuti yake ya mpira hayajawahi kuona matope. Kitu cha kwanza alichofanya ni kufunga lango la njia ya kanisani, ile inayoshuka kutoka kwetu, inakata malisho, inaruka ukuta kwa vile vipandio vya mawe na kutokea makaburini. Amebandika tangazo kwamba hapo hapapitwi. Ukitaka kwenda kanisani, zunguka kwa barabara, pale penye kona ambapo lori la maziwa linakuja bila kukuona. Mimi na fimbo yangu.

Utauliza halmashauri inasema nini. Halmashauri inasema njia hiyo haimo kwenye ramani yao. Nilidhani wananitania. Gilbert, yule wa chama cha watembeaji mwenye ramani shingoni kama kengele ya kondoo, ndiye aliyenieleza. Zamani serikali iliambia kila kijiji kichore njia zake zote. Wazee wetu wakachora ya mtoni, ya kinu, hata ya mbuzi. Hii hawakuichora. Walisema nani wa kuambiwa njia ya kwenda kanisani kwake? Basi kwa kuwa kila mtu aliijua, leo haijulikani.

Mimi sikungoja ramani. Nilipita chini ya lango kwa tumbo, usimwambie mama yako, nikaendelea na safari yangu. Kesho yake Fairlie akaingiza ng'ombe wenye ndama wachanga malishoni. Wewe umekulia hapa, unajua ng'ombe mwenye ndama si wa mchezo. Nilitembea polepole, macho chini, nikiwasemesha kama alivyokuwa akifanya babu yako. Mmoja mweusi alinifuata, pumzi yake naisikia mgongoni. Nikisimama, anasimama. Nikienda, anakuja. Nilipofika kwenye vipandio, Fairlie yupo juu ya pikipiki yake ya magurudumu manne, ananitazama. Akasema kwa adabu kabisa kwamba nitauawa, na kwamba hapa ni mali ya mtu.

Nikamwambia, "Mume wangu alipita hapa amebebwa. Mimi napita nimesimama. Siku nikishindwa kusimama, nitapita nimebebwa vilevile."

Akawasha pikipiki akaenda zake. Lakini hilo la kubebwa ndilo linaloninyima raha, Hazel. Watu wa huku juu wote huteremshwa kwa njia hiyo, mabegani mwa majirani. Sitaki kuzungushwa barabarani kwa gari kama gunia la viazi, niletwe kwa babu yako, Seth wangu, kwa mlango wa nyuma.

Gilbert na chama chake walidai njia iwekwe kwenye ramani, na Jumatano iliyopita kikao cha kuamua kilikaa ukumbini, mkaguzi wa serikali akaja na miwani yake. Sheria yenyewe ni hivi: watu wakiitembea njia miaka ishirini bila kuzuiwa, ni yao. Lakini mwenye shamba akiifunga hata siku moja kila mwaka, basi walikuwa wanapita kwa hisani yake tu. Kumbe Kanali alijua hilo. Yule msimamizi wake wa zamani, Orme, alisimama akaeleza kwamba Kanali aliamuru lango lifungwe kila Krismasi, na kazi hiyo alipewa Seth. Alisema yeye mwenyewe alimkabidhi mnyororo mmoja, wenye kibao cha shaba chenye alama ya farasi. Kila mwaka mpya Kanali alimuuliza, "Umelifunga, Seth?" naye akajibu, "Nimelifunga, Kanali."

Mkaguzi akauliza nani amewahi kupita siku ya Krismasi. Hakuna aliyeinua mkono. Siku hiyo kijiji kizima kipo mezani na bata bukini, nani atembee malishoni? Wakili wa Fairlie akaanza kumsifu babu yako, kwamba alikuwa mtu ambaye neno lake halikuwa na kona, na ukumbi wote ukatikisa kichwa kukubali. Walinifunga kwa sifa, mwanangu. Mavis wa dukani alikuwa ubavuni kwangu, akaninong'oneza, "Kezia, kama una neno liseme, usilitafune kama jibini." Nikaitazama chai yangu. Neno nikarudi nalo nyumbani.

Wewe ndiye wa kwanza kuambiwa.

Nakumbuka ile siku ulipotudanganya kwamba bado unasoma, kumbe chuo ulishakiacha. Babu yako alipiga meza akasema katika nyumba hii hajawahi kulala mwongo. Ukachukua mkoba wako, na hamkuonana tena. Basi ujue leo kwamba mwongo alilala humo, na alilala ubavuni mwangu. Lango lile hakulifunga hata Krismasi moja. Aliniambia njia iliyombeba mama yake haifungi, awe Kanali, awe mfalme. Kila Krismasi tulipita wenyewe kumpelekea sahani ya chakula yule mjane wa mchimba makaburi, kule kanisani, nawe begani kwa babu yako, umeshika masikio yake kama hatamu.

Na mnyororo je? Ulipoanza kutembea alikutundikia bembea kwenye mti mkubwa nyuma ya nyumba. Hukuwahi kujiuliza mnyororo mzito vile ulitoka wapi. Jana nimepanda kiti nikaangalia. Tawi limenenepa, gome limeumeza, hautoki bila msumeno. Kibao cha shaba kimebaki nusu nje, farasi anaonekana kichwa. Mnyororo uliomezwa na mti haukuwa langoni Krismasi.

Baada ya wewe kuondoka aliketi chini ya bembea ile jioni nyingi. Aliniambia wewe ulidanganya kwa hofu na yeye alidanganya kwa kiburi, na kwamba angekuandikia. Alikuwa mzito wa kalamu. Kisha moyo ukamsimama.

Kikao kinarudi Alhamisi asubuhi. Nitasimama niseme, na mkaguzi nitamleta mtini aone. Watakaomwita Seth mwongo wamwite. Najua aliko, na njia ya kumfikia ndiyo ninayoitaka. Lakini neno la bibi mmoja ni jepesi, na masikio yale uliyashika wewe.

Msalimie mama yako, na yule kijana mwenye ndevu kama bado yupo. Paka anakukumbuka, au anakumbuka samaki wako.

Njoo Jumatano. Gari liache kanisani, umpitie babu yako kwanza, kisha panda vipandio ukate malisho. Ng'ombe usiwakimbie, wasemeshe. Na yeyote akikuuliza unakwenda wapi, mwambie unakwenda kwa bibi yako, wala usisimame.

Ni mimi bibi yako,
Kezia