Siki Niliyoitia Mkono

Kaka yangu Nasoro, wa tumbo moja na mimi,

Amani ya Mungu ikukute huko ulikolazwa. Barua hii sina pa kuipeleka. Anwani yako ya Bavaria ninayo, mwanao Marta aliniandikia, lakini nyumba ile sasa anakaa mtu mwingine, na wewe uko chini ya udongo wa baridi. Ndiyo maana naiandika wazi, asome anayetaka. Eshkola niliishia darasa la nne, wajua, basi wasomaji wanivumilie. Wewe nivumilie zaidi, maana mengi ya humu ni ya kukulaumu, na yaliyobaki ni ya kujilaumu.

Nianze na mitungi ya mama, kwa kuwa yote yalitoka mle.

Mama alikuwa akinunua tembo la mnazi kwa mgema wa njia ya kwenda Mute, analimimina mtungini, anafunika kitambaa, anaondoka. Hakuna zaidi ya hapo. "Msitie mkono," alitwambia kila mara, mpaka tukawa tunamwigiza nyuma ya jiko. Tembo ni haramu, siki ni halali, na katikati yake kuna siku ambazo ni za Mungu peke yake. Ukitia chumvi, au ukitia siki ya zamani ili ya leo iwahi, umeharibu. Kwa vitabu tunavyosoma sisi watu wa pwani haitasafika tena, hata iwe kali namna gani. Palma nzima, mji wetu huu, walinunua siki kwa mama kwa sababu walijua mkono wake hauingii.

Wewe ulikuwa na pua. Ukiinama juu ya mtungi, ukifumba macho kama mtu anayesikiliza, ukasema, "Huu bado siku nne." Na ilikuwa siku nne. Mimi nikiinama nasikia uchachu tu, napiga chafya, mnanicheka. Mama alikuwa hafungui mtungi bila kukuita.

Halafu serikali ikakusanya vijana wa kwenda kufanya kazi Ujerumani, ile ya upande wa mashariki, nawe ukaandikishwa. Mama alikufungia achari ya ndimu, akakwambia urudi na pua yako. Miaka ikapita, Ujerumani mbili zikawa moja, wenzio wakarudi wamevaa makoti katika jua hili. Wewe hukurudi. Ulishuka kusini mpaka Bavaria ukapata kazi ya kuosha mapipa katika kiwanda cha bia cha kijiji, kiwanda cha watu kumi na wawili. Siku moja ukamwambia mkuu wao kwamba pipa la tatu linaanza kuchacha. Akaonja, akaonja tena. Tangu siku hiyo hukuosha pipa. Pua aliyoinoa mama kwa siki ikawa ya kuwaambia Wajerumani bia yao imefikia wapi.

Habari ilimfika mama. Siku ya tatu alikuwa anachuja siki, akasema tu, "Nimemfundisha mwenyewe." Akaendelea kuchuja. Alikufa hajakuona, Nasoro. Ulileta salamu, ulileta picha za mtoto, mwenyewe hukuja. Hili silifungi kwenye kitambaa kizuri.

Ulikuja baadaye, mama yuko kaburini, mwaka mmoja kabla ya vurugu za wenye bunduki kuanza Mocímboa. Nilikupikia wali wa nazi na pweza. Ulikula ukalia, nikadhani tumemaliza. Kisha ukafungua begi, ukatoa katikati ya mashati chupa sita za bia na kuzipanga juu ya mkeka wa mama.

Mkeka wa mama, kaka. Ule wa kuswalia.

Ulisema hukuleta ninywe. Chupa sita zilitoka viwanda sita vya vijiji vya kwenu, na vinne vimeshafungwa, hizo ndizo zilizobaki. Ya ngano, ulisema, inanukia ndizi mbivu na karafuu, na ndani hamna ndizi wala karafuu, ni hamira tu inafanya hivyo. Nyingine shayiri yake imekaushwa kwa moshi wa kuni, ukiisogeza puani utadhani samaki wa kubanika wa Mocímboa. Nyingine nyeusi, inanukia ganda la mkate. Ukasema hata wao wana sheria yao ya zamani: shayiri au ngano, maji, ua lao chungu na hamira, ukitia kingine chochote hiyo si bia. "Kama mama," ukasema.

Pale ndipo niliposimama. Nilikwambia usimtaje mama na pombe katika pumzi moja. Ukanijibu pole pole, "Nusa tu, Zainabu. Kunusa si kunywa. Nataka mtu mmoja wa kwetu ajue nilikuwa nafanya nini."

Nikakwambia mbele ya majirani, "Ulichokuwa unafanya tunakijua. Toa najisi yako nje."

Ulitoka. Ulikaa barazani ukazifungua moja moja. Nilikuwa ndani nasoma Yasini kwa sauti ya juu kusudi nisikusikie, lakini kwenye upenyo wa mlango nilikuona. Ulikuwa unanusa, unaonja kidogo, unataja jina la kijiji, kisha unamwaga chupa yote mchangani. Unachukua nyingine, unataja jina. Majirani wakasema Mjerumani wetu amelewa. Hukuwa umelewa. Sasa najua ulikuwa unazika, na mimi ndugu yako niliyesimama kwenye makaburi mangapi, sikutambua maziko yaliyokuwa mlangoni kwangu.

Uliondoka baada ya siku tatu. Hatukuonana tena.

Miaka ile tuliyokimbia vurugu ndiyo iliyorudisha maneno kati yetu. Ulinitafuta kwa simu mpaka ukanipata Pemba, mji wetu wa kusini, si kile kisiwa, nimelala chini ya turubai na wakimbizi wa kijiji cha Pundanhar. Tangu hapo ukawa unanitumia sauti kila Ijumaa. Zilikuwa habari za kiwanda, nami nilisikiliza kwa ajili ya sauti, si kwa ajili ya bia. Mwenye kiwanda amezeeka, mtoto mmoja daktari wa meno, mwingine yuko mjini, hakuna anayetaka mapipa. Baa za kijiji zilikuwa tano, imebaki moja, nayo yafunguliwa Jumamosi. Vijana wao wanakunywa maji ya matunda. Hilo nilisema alhamdulillahi, ukacheka. Gesi ya kuchemshia imepanda bei, na ukacheka zaidi: dada yako amezaliwa juu ya gesi ya dunia nzima, ile inayochimbwa baharini kwetu Palma, na anapika kwa kuni.

Kisha kampuni kubwa ikakinunua kiwanda. Waliahidi hakuna kitakachobadilika. Baada ya mwaka wakaja kung'oa mitambo ya shaba. Bia yenye jina la kijiji chenu ikawa inapikwa mbali, kwenye fabrika inayopika bia za majina kumi, na kwenye chupa bado kuna picha ya mnara wa kijiji. Uliinunua dukani ukaionja. Uliniambia, "Wamechukua jina tu, Zai. Mwenyewe hayumo." Sauti yako siku ile ilikuwa ya mzee. Nilitaka kukujibu kitu cha ndugu. Nikakujibu kwamba labda ni heri, Mungu amekutoa kwenye haramu. Hukutuma sauti Ijumaa mbili.

Mwaka jana Marta akaniandikia Kireno cha kutafsiriwa na simu: baba amefariki. Waturuki wa mji wa pili walikuosha na kukuswalia kwa sababu ulikuwa umeandika hivyo. Kwa hilo namshukuru Mola kila alfajiri. Kukatumwa kisanduku pia, kikapita mikono mingi mpaka Palma. Ndani mlikuwa na kofia yako, tasbihi niliyokupa, na chupa moja yenye kizibo cheupe cha kufunga kwa waya. Bia ya mpiko wa mwisho, kabla mitambo haijang'olewa. Na karatasi kwa mkono wako: "Mpeni Zainabu. Mwambieni anuse tu."

Ungefanyaje wewe? Kuitupa siwezi, ni kazi ya mikono yako, hakuna nyingine duniani. Kuiweka siwezi, nyumba hii inaswaliwa. Nilikaa nayo siku nne. Nikakumbuka mitungi ya mama, na moyo ukatulia. Nitaiacha iwe siki. Mungu mwenyewe ataisafisha, nami nitaitia kwenye achari ya hitima yako ya mwaka, nile kitu kilichotoka mkononi mwako, kwa halali, mara moja kabla sijafa. Nilimuuliza mwalimu wetu wa msikitini. Akafikiri, akasema, "Ikigeuka yenyewe, bibie, kula. Lakini wewe kazi hii unaijua kuliko mimi."

Mitungi ya mama niliikuta vigae tuliporudi Palma, basi nikatumia chupa pana ya kioo. Nilimimina bia yako nimejifunga leso yangu ya kapulana puani. Nilijiambia nitainusa ikishakuwa halali, hapo ndipo nitakapotimiza ulichoomba.

Haikugeuka. Tembo la mnazi ningelihesabia siku, lakini bia yako ilikaa wiki ya tatu, ya tano, ya saba, inaniangalia. Labda ni lile ua lao chungu. Hitima inakaribia. Kila asubuhi nafunua kitambaa, kapulana puani, naangalia kama utando wa siki umeshika juu, nafunika.

Asubuhi moja nilikuwa nahudumia siki za wateja. Wateja Wakristo wa kambi ya gesi hawajali, zao huwa naziwahisha kwa kijiko cha siki ya zamani. Nachota, natia, nafunika. Nachota, natia, nafunika. Nilipoinua macho, kijiko kilikuwa kinadondosha siki ya zamani ndani ya chupa yako.

Nilikiweka kijiko pembeni. Nilikaa chini hapo hapo jikoni.

Wiki mbili baadaye ilikuwa siki nzuri kuliko zote nilizowahi kutengeneza, rangi ya asali, inang'aa. Nilimpelekea mwalimu. Nilitumaini atapata mlango katika kitabu kingine. Aliniuliza, "Mkono uliingia?" Nikasema uliingia. Hakunikaripia. Alisema tu, "Basi unajua." Najua. Tangu nina miaka sita najua.

Nilirudi nayo nyumbani. Kuila siwezi, lakini kunusa, kama ulivyosema, si kunywa. Nikavua kapulana, nikafumba macho kama ulivyokuwa ukifumba, nikainama. Nilitafuta ganda la mkate. Nilitafuta ndizi, karafuu, moshi, chochote ulichokitaja juu ya mkeka ule. Nilisikia siki, siki yangu mwenyewe, ile ninayoiuza kila siku. Wewe hukuwemo.

Niliitoa nje nikaisimamisha mchangani, pale pale ulipozimwagia zako. Nikataka kufanya kama wewe, nitaje jina la kijiji kwanza. Lipo kwenye karatasi ya chupa, refu, siwezi kulitamka, na Marta anasema chupa zenye karatasi hiyo hiyo bado zinajaa madukani. Majina yale sita uliyoyataja barazani ndiyo niliyoyahitaji. Uliyataja kwa sauti, kaka, nusu ya mtaa walisikia. Mimi nilikuwa ndani nasoma kwa sauti ya juu.

Nilimwaga bila jina.

Lala pema, Nasoro. Hitima tutakusomea, achari itakuwa ya siki ya mnazi.

Ni mimi mdogo wako, niliyebaki na mlango wa mama,
Zainabu