Pua ya Baba

Grasse, Jumapili

Mdogo wangu Mireille,

Sisi hatujambo. Yasmini imechanua, na paka wa jirani kazaa ndani ya kapu letu la kuchumia maua.

Leo nilikuwa nakaanga vitunguu vya mchuzi wa sungura, nimejipulizia manukato yangu ya bei poa. Baba akageuka ghafla: "Solange, mbona unanuka kama saluni?"

"Miaka yote navaa haya haya, Baba. Leo ndiyo yanakukera?"

Akaanza kulia. Kumbe ile homa ya mwaka ulioolewa ilimnyang'anya uwezo wa kunusa kabisa. Mtengeneza manukato asiyenusa! Akaona aibu kusema, akaacha tu kutengeneza yale aliyoyapa jina lako. Na wewe ukaamini amekufuta kwa hasira, kwa sababu uliolewa mbali, Lyon.

"Nitukane tena, Baba," nikamwambia.

"Vitunguu vinaungua, bibie."

Sasa ananusa kila kitu, hadi paka. Anataka kuyatengeneza upya yale manukato yako, lakini hapa halijabaki hata tone la kulinganishia. Ile skafu ya harusi yako iliyolowa manukato hayo, kama hujaifua, usiifue. Wala usiitume kwa posta. Anasema uje umeivaa.

Dada yako anayenuka kama saluni,
Solange