Mita Mia Mbili za Mtaa wa Amargura

Kaka yangu Elia,

Nakuandikia kwa Kiswahili nikijua hutaweza kuisoma barua hii. Siku hizi ukipewa karatasi unaigeuza, unaitazama upande wa nyuma, kisha unamrudishia muuguzi kwa adabu, kama mtu aliyepewa koti lisilo lake. Lakini kuna mambo sijawahi kukwambia, na lugha niliyo nayo ya kuyasema ni hii tuliyoachiwa na mama. Sina nyingine ya kutosha.

Ulipokwenda Havana kusomea uhandisi wa viwanda vya sukari, mimi nilikuwa bado nasoma shule ya msingi pale Moshi. Ulirudi baada ya miaka sita, umekonda, unatembea haraka, unapika maharage meusi mpaka mama akauliza kama yameungua. Ulikuwa unacheka, lakini ulikuwa unacheka kidogo kuliko zamani. Mama alisema ni uchovu wa masomo. Kiwandani hukumaliza hata miaka miwili. Ukaja London, ukapata kazi ya ufundi katika gereji ya mabasi, na baada ya miaka mitatu ukanivuta na mimi.

Sikujua mtu hapa isipokuwa wewe. Kila Jumapili tukitoka kanisani ulinitembeza mtaa wetu wote wa Woolwich, kuanzia kambi ya jeshi ya zamani mpaka mtoni, tukipita kwenye majengo walikokuwa wakitengeneza mizinga. Nilikuwa nasikia baridi na nilitaka kurudi nyumbani, lakini wewe ulisema, "Mji haujulikani ukiwa ndani ya basi, Upendo. Nayatengeneza hayo mabasi, najua." Na kila mara, tukifika mtoni, ulisema, "Siku moja nitakupeleka Havana uone mawe."

Ukanipeleka kweli. Ilikuwa Februari, mwishoni mwa miaka ya tisini, likizo ya wiki moja. Nakumbuka tulipotoka uwanja wa ndege ulivua sweta ukalifunga kiunoni kama kijana, ukaanza kuongea na dereva wa teksi kwa Kihispania, na nikashangaa kwamba sauti yako ilibadilika. Ilikuwa ya juu zaidi. Ilikuwa na mzaha. Nilijiambia, kumbe huyu ndiye kaka yangu, na yule wa London ni mwingine.

Siku ya tatu ndiyo ulinitembeza mji mkongwe. Tulianzia kwenye ngome iliyozungukwa na mfereji wa maji. Ulinionyesha juu ya mnara wake sanamu ndogo ya mwanamke, ukasema watu wa pale husimulia kwamba ni mke wa gavana, alikuwa akipanda juu kila siku kutazama baharini, na mumewe hakurudi. Ulilisema hilo haraka, ukanishika mkono tukaendelea. Mbele ya jumba la magavana ulinikalisha barabarani nipapase chini, nikakuta barabara imetandikwa vipande vya mbao badala ya mawe. "Gavana hakutaka magurudumu yamwamshe," ulisema. "Watumwa waliotandika hizi mbao, hao hakuna aliyeuliza kama wamelala." Ukasimama pale muda, na wazee waliokuwa wakiuza vitabu chini ya miti wakatutazama.

Tukaenda kanisa kuu, lenye minara miwili isiyolingana, mmoja mnene na mmoja mwembamba. Ukaniambia wanafunzi wa Kitanzania mlikuwa mkiuita mmoja Baba na mwingine Mama. Tukapita uwanja wa zamani uliokuwa bado unakarabatiwa, vumbi limejaa, mafundi wako juu ya majukwaa, na wewe unawaamkia kana kwamba unawajua wote. Jua lilikuwa kali. Nilikuwa nimevaa viatu vipya, nilivivaa kwa ajili ya picha, na tangu kanisani vilikuwa vinanikata. Sikukwambia kwa sababu ulikuwa na furaha.

Tulipofika kwenye uwanja ulio mbele ya nyumba ya zamani ya watawa, wenye chemchemi ya simba wa mawe na njiwa wengi, nilikaa nikavua viatu. Kisigino kilikuwa kinatoa damu. Wewe hukukaa. Ulisimama kwenye kona, mahali panapoanzia mtaa mwembamba, unautazama.

"Unaitwaje huo mtaa?" nilikuuliza.

"Amargura."

"Maana yake nini?"

"Uchungu," ulisema. Halafu ukasema, "Twende humu kidogo, mdogo wangu. Ni mita mia mbili tu."

"Kuna nini humo?"

"Nyumba."

"Kaka, nyumba tumeziona tangu asubuhi. Miguu yangu imekwisha. Twende tukapumzike, tutarudi kesho."

Ulinitazama miguu. Ukatazama tena mtaa. Nilidhani utaniacha pale uende peke yako, na wala nisingekulaumu. Badala yake ulirudi, ukachuchumaa, ukanifunga kisigino kwa leso yako. Kesho yake asubuhi nilikukumbusha. Nilikuwa nimevaa ndala na miguu ilikuwa imepoa. Nikasema, "Twende kwenye ule mtaa wako." Ulikuwa unajipaka sabuni ya ndevu mbele ya kioo. Ukajibu, "Hapana kitu kule. Nyumba za zamani tu." Nami nikafurahi, kaka. Hilo ndilo linaloniuma. Nilifurahi kwamba sitatembea.

Miaka mitatu baadaye ukaanguka sokoni Woolwich, umeshika mfuko wa vitunguu. Mama muuza samaki ndiye aliyenipigia simu. Nilipofika hospitali ulikuwa macho, upande wa kulia umelegea, unaongea bila kukoma, na hakuna aliyekuelewa. Daktari aliniambia kiharusi kimeharibu sehemu ya lugha, kwamba unatoa sauti tu. Nilikusemesha Kiswahili, ukanitazama kama mgeni. Nilikusemesha Kichaga cha nyumbani. Nikakusemesha Kiingereza. Mimi kazi yangu ni kutunza wagonjwa, nimeogesha baba za watu wengine mpaka mikono ikapauka, na siku hiyo sikujua hata nikushike wapi.

Kulikuwa na mwanamke wa Kolombia akipiga deki pale wodini, jina lake Luz. Aliegemeza fimbo ya deki ukutani, akasikiliza, akaniambia, "Huyu hatoi sauti tu. Anazungumza Kihispania, tena kizuri."

Nikamwomba aniambie unasema nini. Alisita, maana hakuruhusiwa kukaa na wagonjwa. Kisha akasogea.

"Anakwambia usivue viatu," alisema. "Anasema ni karibu. Ni mita mia mbili."

Nikamwambia akuulize ni karibu na wapi. Mkaongea, wewe na yeye, na uso wako ukafunguka kwa mara ya kwanza tangu nifike.

"Anasema mlango wa tatu baada ya duka la dawa. Anasema Mireya hatamkasirikia, amemngoja muda mrefu. Anasema msichana sasa atakuwa na miaka kumi." Luz akanitazama. "Ni mkewe?"

Nilimjibu sijui. Nilikuwa nahesabu. Ulipoondoka Havana, na miaka kumi. Tulipokuwa tumekaa kwenye ile chemchemi, huyo mtoto alikuwa na miaka saba. Huenda alikuwa shuleni saa ile. Huenda alikuwa mlangoni, na mimi nilikuwa ng'ambo ya kona nikipuliza kidonda cha kisigino.

Kwa nini hukuniambia? Nimekuuliza hilo mara nyingi, na wewe unatabasamu. Ungesema tu, "Kuna mtoto wangu," ningetembea bila viatu, ningetambaa. Wakati mwingine nakukasirikia. Nasema ulikuwa na miguu mizima na siku nne zaidi, na hukwenda. Halafu nafikiri kwamba uliogopa, kwamba ulinihitaji nikusindikize kwa sababu peke yako hukuweza, na mtu pekee uliyemwomba alikuwa mimi. Sijui lipi ni kweli. Wa kuniambia ni wewe, na wewe hupo tena mahali ninapoweza kukufikia.

Madaktari walisema huenda Kiswahili kitarudi. Walileta mtaalamu wa kuzungumza, msichana mpole, akakuonyesha picha za kikombe na mbwa. Ulivitaja vyote kwa Kihispania. Baada ya mwaka mmoja hakuja tena. Nilipekua nyumba yako yote, kila koti, kila kitabu cha uhandisi, nikitafuta barua au picha. Nilikuta risiti na ramani za London. Luz alinisaidia kuandika barua ya kwenda Havana: kwa Mireya, Mtaa wa Amargura, mlango wa tatu baada ya duka la dawa. Hatukuwa na jina la ukoo wala namba ya nyumba. Tuliituma mara tatu. Haikujibiwa, na wala haikurudi.

Ndiyo maana barua hii naiacha wazi. Mlikuwa wengi kule, vijana wa Kitanzania. Labda yupo aliyesoma nawe, aliyekula nyumbani kwa huyo Mireya, anayejua alikohamia. Kama yupo na ataisoma hii, ajue kwamba simtafutii mtu lawama. Namtafutia kaka yangu mwanawe.

Lakini nimekuja kukwambia jambo lingine. Luz alihamia kaskazini na watoto wake mwaka juzi, nikabaki bila mkalimani. Nikajiandikisha darasa la Kihispania, Jumatano jioni, maktabani. Nina umri wa miaka thelathini na tatu na nakaa na vijana wanaojiandaa kwenda kuogelea Hispania. Mwalimu anatufundisha kuagiza kahawa na kuuliza treni inaondoka saa ngapi. Nasoma kwenye basi nikienda shifti. Maneno hayakai. Nikifika kwako, kwenye nyumba ya kutunzia wagonjwa, nakusemesha mawili matatu, unanirekebisha matamshi kwa upole, kama ulivyokuwa ukinirekebisha hesabu.

Jumamosi iliyopita ulikuwa umekaa dirishani. Nilikuletea ndizi za nyama, ukala vizuri. Ukanishika mkono kwa huo mkono wako mzima, ukaniuliza kitu kifupi, ukakirudia polepole, na kwa mara ya kwanza katika miaka yote hii nikaelewa sentensi nzima bila msaada wa mtu. Ulisema, "Ulimwona?"

Nilikuwa na majibu mawili, na yote mawili nilijua kuyatamka. Nilitazama nyuma kama kuna muuguzi. Tulikuwa peke yetu.

Nikasema, "Sí."

Ndiyo, nimemwona. Nimekudanganya, kaka. Sijawahi kukudanganya hata utotoni, ulipokuwa ukinipa peremende niseme ukweli.

Ulifumba macho. Nilidhani yamekwisha, kwamba angalau nimekupa hicho. Kisha ukafumbua, ukanivuta karibu, ukaniuliza swali la pili. Lilikuwa refu. Lilikuwa na vituo katikati, na mahali pamoja ulicheka, na mahali pamoja sauti yako ilikatika ukaanza tena. Nilikodoa macho kwenye midomo yako nikitafuta hata neno moja la darasani. Sikupata. Ulipomaliza ulinitazama, ukangoja.

Nikatikisa kichwa kukubali. Ukanibusu mkono, ukageukia dirisha. Mpaka leo sijui nilikubali nini.

Mdogo wako,
Upendo