Korongo la Ekari Sita

Jumatatu, 3 Machi

Nimelipima korongo mwenyewe, kwa kamba. Urefu mita 58. Kina mita moja na robo — mwaka jana lilikuwa linanifika magotini! Udongo wa juu wote umekwenda na maji. Ekari sita nilizonunua nusu nusu kwa miaka kumi na moja, nikiziba pancha za watu. Hakuna aliyenisaidia hata jembe. Leo mpangaji anazitazama tu zikiliwa.

Nimempigia bwana shamba aje ajionee. Nimemwambia huyu Mama Pacha niliyemkodisha hajui kutunza ardhi. Tena kwa sauti, dukani, watu wakisikia.

Jumatano, 5 Machi

Bwana shamba amekuja na pikipiki yake. Kaomba mkataba, kausoma amesimama. Akarudia kipengele cha nne: mpangaji asipande mti, asiweke tuta la kudumu, asipande majani ya kuzuia maji. Nani kaandika hiki? Mimi. Niliogopa. Anayepanda cha kudumu leo, kesho anadai shamba — jirani yangu alipokonywa hivyo hivyo kwa michungwa minne. Na mikataba ya msimu mmoja mmoja, mara saba mfululizo.

"Sasa mzee, mtu wa msimu mmoja atunze udongo wa miaka kumi?"

Nikauchukua mkataba wangu, nikaukunja.

Akainama, akang'oa shina kavu la majani. Jingine. Jingine — mstari mzima, umekata mteremko sawasawa. Hapa palipandwa, akasema, na aliyepanda alijua kupima. Nani kayang'oa?

Mama Pacha alikuwa pale pale na jembe lake. Alinitazama tu.

Nikasema mbuzi.

Mbuzi! Mtu mzima, miaka sitini na miwili! Niliyang'oa mimi, miaka mitatu iliyopita, mistari minne, yeye akinifuata nyuma: baba, acha hata mvua hii moja ipite. Nikamjibu shamba lina mwenyewe.

Alhamisi, 6 Machi

Chai imenishinda. Mke wangu kauliza, nimesema tumbo. Uongo wa pili ndani ya siku mbili.

Ijumaa, 7 Machi

Nimeandika mkataba mpya. Miaka mitano. Kipengele cha nne nimekifuta. Mwingine anayelitaka shamba ana trekta, atalima kufuata mteremko, na misimu miwili mbele nitabaki na mwamba. Anayejua maji yanapopita ni Mama Pacha peke yake.

Nimemkuta anafunga magunia ya mbegu. Mwalimu mstaafu ng'ambo ya barabara anampa shamba lake, anataka jibu kesho saa sita mchana. Kausoma mkataba wangu wote, kanirudishia.

"Si ulisema ni mbuzi? Kaandikiane na mbuzi, baba."

Shemeji yake, aliyekuwa akimsaidia magunia, alicheka mpaka akaushika mlango. Nikasema mama, hayo si yameisha? Hayajaisha, akasema. Bwana shamba kaandika kwamba mpangaji alishindwa kuzuia mifugo. Mpangaji ni mimi. Kesho nikitafuta shamba lingine wataniuliza habari za mbuzi wako. Mwambie ukweli, nami nitatia saini.

Hakupaza sauti. Afadhali angenitukana.

Jumamosi, 8 Machi

Saa tatu nimempigia bwana shamba. Kapokea papo hapo: "Eeh mzee, kuna jipya?" Nikamwuliza kama Jumatano alifika salama. Alifika. Nikamshukuru, nikakata. Nikamshukuru!

Saa nne na nusu. Nimeshika simu, nimeiweka. Mara tatu. Pancha elfu ngapi nimeziba na mikono hii, leo kitufe kimoja kinanishinda.

Saa tano na dakika arobaini. Mke wangu kaingia kuchukua ufagio. Nimemwambia kaa hapa kwanza. Kaniuliza kuna msiba? Nimesema kaa tu, nisije nikakata tena kabla ya kusema ukweli. Nimebonyeza. Naandika kwa mkono wa kulia, simu iko kushoto, inaita. Bado inaita. Amepokea —